Romeo na Juliet kwa kidato cha tatu: nionyeshe filamu ya 1968, ya 1996 au West Side Story?

kibatari_maktaba
Wadau, habari za jioni. Nasimamia klabu ya maigizo shuleni, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu nimepewa ukumbi na projekta kwa muda wa saa tatu, basi. Wanafunzi ni kama arobaini, kidato cha tatu. Wengi wanachojua ni kwamba "Romeo" ni jina la kumtania kijana anayefukuzia wasichana. Nataka wakitoka ukumbini wawe wamekutana na Shakespeare mwenyewe, siyo huyo Romeo wa vijiweni.

Ninazo filamu tatu. Ya Franco Zeffirelli ya 1968, dakika 138, imepigwa kwenye miji ya kale ya Italia, na mavazi yake yalipata Oscar. Ya Baz Luhrmann ya 1996, dakika 120, wapo Leonardo DiCaprio na Claire Danes. Maneno ni yaleyale ya Shakespeare ila watu wamevaa mashati ya maua na wameshika bastola. Ya tatu ni West Side Story ya 1961, dakika 152. Hiyo imehamishia kisa New York, koo mbili zimekuwa magenge mawili, vijana weupe upande mmoja na wa Puerto Rico upande wa pili, na imejaa nyimbo na dansi.

Mimi naegemea ya 1968, kwa sababu ndiyo niliyoonyeshwa chuoni na sijaisahau hadi leo. Mnasemaje?

mpiga_zumari
1996. Nimewahi kuonyesha zote mbili kwa vijana wa umri huo. Ya 1968 ilipofika dakika ya arobaini, mstari wa nyuma wote ulikuwa umelala, na aliyekuwa macho alikuwa anachezea kalamu ya jirani.

Ya Luhrmann inaanza na mtangazaji wa habari kwenye televisheni. Anasoma mistari ya utangulizi kama anatangaza ajali ya basi. Halafu kituo cha mafuta, vijana wa Montague, ukoo wa Romeo, na wa Capulet, ukoo wa Juliet, wanatukanana. Benvolio, binamu ya Romeo, anawaambia warudishe panga zao, na kamera inakusogeza hadi kwenye bastola iliyochongwa neno "Upanga" kwa Kiingereza, kama jina la kiwanda. Vijana wangu walicheka, kisha wakanyamaza. Lugha ngumu ikawa haiwatishi tena, maana macho yalishawaambia kinachoendelea.

bi_kidawa
Mwalimu, mimi nina watoto wa umri huo nyumbani, nitasema kama mzazi. Hiyo ya 1968 unayoipenda ina tukio la asubuhi baada ya ndoa, wale vijana wamelala bila nguo. Waigizaji wenyewe walikuwa hawajafika miaka 18 ilipopigwa. Mwishoni mwa 2022 walifungua kesi dhidi ya kampuni iliyoitoa, na mahakama ya California ikaitupilia mbali 2023. Sheria imesema yake, lakini mzazi mmoja akisikia umewaonyesha watoto arobaini, utamweleza nini mkuu wa shule?

Na ya 1996 msiisifu sana. Romeo anapewa kidonge cha kulevya na rafiki yake Mercutio kabla hajaingia kwenye sherehe. Hilo nalo jiandae kulieleza.

mpiga_zumari
Bi Kidawa kidonge ni kweli, nilisahau. Mimi nilisimamisha filamu hapo tukazungumza kidogo.

msomaji_mkaidi
Kwa nini filamu? Wape kitabu, wagawane nafasi, wasome kwa sauti. Mwalimu Nyerere alipotaka Watanzania wamjue Shakespeare hakusubiri projekta, alikaa akafasiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Bahati mbaya mkono wake haukuifikia hii.

Kitu ambacho filamu zote zinakipoteza ni mwendo. Shakespeare hakukitunga kisa hiki, alikikuta kwenye utenzi wa Arthur Brooke wa 1562, na kwa Brooke mambo yanachukua kama miezi tisa. Shakespeare akayabana yakawa ya siku chache tu: Jumapili asubuhi ugomvi sokoni, usiku wanakutana, Jumatatu wanafunga ndoa, na saa hazijapita nyingi Mercutio na Tybalt, binamu ya Juliet, wamekufa. Alhamisi alfajiri watu wako makaburini. Umri nao akaupunguza. Kwa Brooke Juliet ana miaka 16, kwa Shakespeare hajatimiza 14. Hao watoto wako wa kidato cha tatu, Mwalimu, wote ni wakubwa kwake.

Baba yake mwanzoni anaongea kama mzee mwenye busara. Anamwambia Paris, anayemposa Juliet, asubiri viangazi viwili vipite. Tybalt akishauawa, mzee huyohuyo anapanga harusi Alhamisi, kisha anaivuta iwe Jumatano. Binti anapokataa anaambiwa ajinyonge, aombe, afe na njaa mitaani. Wasichana wako watakuwa na la kusema hapo, na hawahitaji kamera.

kanga_moja
Msomaji, wanafunzi arobaini, nakala ngapi? Kama maktaba yake ni kama ya shule niliyosoma mimi, ni tatu, na moja haina jalada.

msomaji_mkaidi
Achape kurasa chache. Sikusema asome yote.

tarishi_mstaafu
Hamjambo wanangu. Mimi si mwalimu. Nimepeleka barua kwa baiskeli miaka ishirini na sita, kwa hiyo kisa hiki nakisoma kwa jicho la kazi yangu. Ninyi mnazungumzia bastola na mavazi, mimi nauliza barua ilifikia wapi.

Hesabuni nami. Barua ya kwanza ni orodha ya waalikwa wa sherehe ya Capulet. Mzee anamkabidhi mtumishi asiyejua kusoma. Mtumishi anaranda mitaani, anamkuta kijana nadhifu, anamwomba amsomee. Kijana ni Romeo! Mtumishi anasomewa, anashukuru, na anamkaribisha aje anywe divai, mradi asiwe wa ukoo wa Montague. Mapenzi yote yameanzia hapo, kwa mzee aliyempa kazi ya barua mtu asiyejua kusoma.

Ya pili ni ya Tybalt. Amepeleka barua ya kumwita Romeo wapigane, ameipeleka nyumbani kwa baba yake. Romeo usiku ule hakulala nyumbani. Hakuna mahali tunaonyeshwa ameisoma. Kesho yake anamkuta Tybalt barabarani huku yeye ametoka kufunga ndoa na binamu ya Tybalt, anaongea maneno ya upendo, mwenzake anadhani anadharauliwa. Mercutio anaingilia, anakufa.

Ya tatu ndiyo inayojulikana. Juliet amekunywa dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42. Padri Laurence, aliyewafungisha ndoa, anampa Padri John barua aipeleke Mantua, mji alikokwenda Romeo baada ya kumuua Tybalt, ajue mkewe yu hai. Padri John hataki kusafiri peke yake, anakwenda kumtafuta mtawa mwenzake aliyekuwa akitembelea wagonjwa. Wakaguzi wa afya wanashuku nyumba ina tauni, wanafunga milango, wao wamo ndani. Akitafuta wa kuirudisha barua, watu wanaogopa hata kuishika. Wakati huohuo Balthasar, mtumishi wa Romeo aliyeona mazishi kwa macho yake, anapanda farasi wa posta na kufika Mantua mbio. Angalieni hapo: habari ya uongo imekwenda kwa posta ikafika, habari ya kweli imepewa mtu mwema ikakwama.

Ya nne Romeo anamwandikia baba yake kabla ya kufa, anampa Balthasar. Hiyo inafika. Mtawala wa Verona anaisoma makaburini mbele ya wazee wote wawili. Barua pekee ya kijana yule iliyofika salama ni ya marehemu.

Sasa Mwalimu, filamu ya 1968 nimeiona zamani. Humo tauni hamna kabisa. Padri John kapanda punda anakwenda polepole, Balthasar anampita na farasi. Nilicheka peke yangu, watu wakanigeukia. Wenye kuzijua hizo nyingine mbili, barua humo inapoteaje?

mpiga_zumari
Mzee wangu shikamoo. Hii sikuwahi kuifikiria. Ya 1996 padri anatuma kwa kampuni ya kusafirisha vifurushi, ile ya haraka. Tarishi anabisha hodi huko jangwani Romeo anakojificha, anamkosa, anaacha karatasi ya taarifa. Romeo haioni. Kisha Balthasar anafika na gari na habari ya msiba.

tarishi_mstaafu
Marahaba. Karatasi ya taarifa! Hiyo naijua. Huyo Luhrmann kuna siku alingoja kifurushi.

kanga_moja
Nijibu ya West Side Story, maana ndiyo naipenda kuliko zote. Humo hakuna barua, kuna mtu. Maria, ndiye Juliet wa humo, anamtuma Anita akamwambie Tony, Romeo wake, amsubiri. Kumbuka Anita ni mchumba wa Bernardo, kaka yake Maria, na Tony amemuua Bernardo jioni hiyohiyo. Kwa hiyo anayebeba ujumbe ni mfiwa, na amekubali kwa kumhurumia Maria. Anafika dukani kwa Doc, vijana wa genge la Tony wanamzuia, wanamtukana kwa asili yake, wanamzonga, karibu wamdhuru vibaya kabisa. Akitoka hapo amejaa hasira, anawaambia Maria ameuawa na Chino, kijana wa genge la Bernardo. Tony anatoka mbio akiita Chino aje amuue naye, na Chino anakuja.

Rita Moreno alipata Oscar kwa kuwa Anita, na yeye mwenyewe ni mzaliwa wa Puerto Rico. Kwa hiyo kwangu hii imempita Shakespeare. Kwake ujumbe umezuiwa na ugonjwa, jambo la bahati. Huku umezuiwa na uhasama wenyewe. Waliomuua Tony ni marafiki zake, kwa midomo yao.

msomaji_mkaidi
Dada Kanga, hapo nakukatalia. Tauni ya Shakespeare si bahati. Rudi kwa Mercutio akiwa amechomwa, anazilaani nyumba zote mbili ziangukiwe na tauni, na analirudia hilo akitokwa na roho. Sisi tunasikia kama tusi la mtu anayekufa. Baadaye tauni inakuja kweli, inafunga mlango mmoja tu, na mlango huo una barua ndani. Wasikilizaji wa London wasingepitwa na hilo. Majumba yao ya maigizo yalikuwa yamefungwa kwa tauni sehemu kubwa ya 1592 hadi 1594, na nyumba zenye wagonjwa zilipigwa kufuli watu wakiwa ndani. Uhasama umeikamata barua kwa Shakespeare pia. Umepitia tu kwenye laana.

Na hilo ndilo Zeffirelli alilolitupa alipoleta punda.

kanga_moja
Hmm. Laana sikuiunganisha. Lakini bado: kijana wa kidato cha tatu atauliza "waligombana nini?" Shakespeare hamjibu, anasema kinyongo cha zamani, basi. West Side Story inajibu. Mtaa, ajira, lugha, nani amekuja lini.

mpiga_zumari
Kutojibu ndiko kuzuri. Mimi wangu walikaa nusu saa wakibuni sababu ya ugomvi: shamba, deni, ng'ombe, mke. Mmoja akasema hata wazee wenyewe hawakumbuki, darasa likapiga makofi.

pwani_ya_kale
Naingia kidogo. Kwa nini tusiwape Laila na Majnuni? Mshairi Nizami aliikamilisha 1188, miaka mia nne kabla ya Shakespeare.

msomaji_mkaidi
Nzuri, ila haina koo mbili hasimu. Baba wa Laila anakataa posa kwa kuogopa aibu, kijana kachizika na mashairi yake yako midomoni mwa kila mtu. Ni uzi mwingine huo, ufungue tutakuja.

bi_kidawa
Mwalimu uko wapi? Umetuachia moto umeondoka.

kibatari_maktaba
Nipo Bi Kidawa, nilikuwa nasoma huku nikipiga hesabu ya muda. Ya 1968 naiacha. Nilikuwa naipenda kwa sababu yangu, siyo yao, na lile tukio la asubuhi sitaki kulitolea maelezo. West Side Story, Dada Kanga unisamehe, dakika 152 zinaniachia dakika 28 tu, hazitoshi kwa maswali ya maana, na hilo tukio la Anita dukani linahitaji mazungumzo ya uangalifu ambayo sitakuwa na nafasi nayo.

Nachukua ya 1996. Kwenye kidonge nitasimama kama alivyofanya Zumari. Zinabaki dakika sitini. Hapo nitagawa karatasi yenye lile onyesho fupi la Padri John, sehemu ya tano onyesho la pili, mistari kama thelathini, wasome wawili wawili. Kisha nitawauliza kwa nini filamu imeondoa tauni, na nitawapa barua nne za Mzee Tarishi wazitafute wenyewe.

msomaji_mkaidi
Kurasa chache nilizosema. Asante.

kanga_moja
Sawa, nimekusamehe. Muhula ujao lakini.

bi_kidawa
Waandikie wazazi kabla, uwaambie kuna bastola na kuna kidonge.

kibatari_maktaba
Ndiyo, Jumatatu nawapa wanafunzi barua wapeleke nyumbani.

tarishi_mstaafu
Unawapa wanafunzi?

kibatari_maktaba
Mzee, nimekuelewa. Nitawapigia simu.