Kwa nini simu ya mkataba hucheleweshewa masasisho wakati nyingine ya aina hiyohiyo imeshayapata?

Muuliza swali

Ndugu wanajukwaa, nina jambo ambalo limenikera kwa miezi kadhaa, na ninaomba anayelifahamu kwa undani anieleze. Mimi na mwenzangu kazini tunatumia simu za Android za aina moja, zilizotoka mwaka mmoja, zenye chipu ileile na kumbukumbu sawasawa. Tofauti ni kwamba yeye aliinunua yake moja kwa moja kwa mtengenezaji, nami niliichukua yangu kwa mkataba kwenye kampuni ya mtandao, ambayo nembo yake hujitokeza kila ninapoiwasha. Yeye ameshapata toleo jipya la mfumo endeshi pamoja na viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba udhaifu, vya miezi mitatu mfululizo. Mimi kila nikibonyeza sehemu ya kutafuta sasisho najibiwa kwamba simu yangu imesasishwa kikamilifu. Jibu hilo linaniudhi kuliko kuchelewa kwenyewe, kwa sababu si la kweli: sasisho lipo, limeshatengenezwa, na linafanya kazi katika simu iliyo umbali wa meza moja kutoka kwangu.

Nilimwandikia mtengenezaji, akaniambia kwamba kazi yake ameimaliza na kwamba ninapaswa kusubiri idhini ya kampuni ya mtandao. Nilikwenda kwenye kampuni ya mtandao, nikaambiwa kwamba masasisho ni kazi ya mtengenezaji. Nimepigwa danadana namna hiyo mara tatu, na hakuna hata mmoja kati yao aliyethubutu kunitajia tarehe.

Ninayotaka kuyajua ni haya. Kampuni ya mtandao hufanya nini hasa na sasisho kwa miezi yote hiyo? Je, hatari ya kukaa bila viraka ni ya kweli, au nina wasiwasi kupita kiasi? Na je, ipo njia ya kulipata sasisho bila kuivuruga simu ambayo bado ninailipia?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu muuliza swali, nilifanya kazi kwa miaka kadhaa katika kitengo cha majaribio ya simu kwenye kampuni moja ya mtandao, kwa hiyo nitakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Sasisho la Android hupita katika mikono mingi. Google huutoa msimbo, mtengenezaji wa chipu kama Qualcomm au MediaTek huurekebisha ili uendane na vipuri vyake, kisha mtengenezaji wa simu huongeza mwonekano na programu zake. Kwa simu inayouzwa na kampuni ya mtandao kuna hatua nyingine: mtengenezaji huandaa toleo la pekee kwa ajili ya kampuni hiyo, lenye mipangilio yake, programu zake na nembo unayoiona. Toleo hilo ndilo lililokuwa likiletwa kwetu. Kwa maneno mengine, simu yako na ya mwenzako ni pacha kwa umbo, lakini ndani yake zinabeba programu mbili tofauti, na kila moja ina safari yake.

Tulichokuwa tukikijaribu hasa ni mawasiliano: simu za VoLTE, yaani sauti inayosafiri juu ya mtandao wa 4G, simu zinazopitia Wi-Fi, kuhama kutoka mnara mmoja hadi mwingine katikati ya mazungumzo, ujumbe mfupi, matumizi ya laini nje ya nchi, na juu ya yote simu za dharura. Hilo la mwisho halina mzaha. Mtu anaweza kuvumilia kamera isiyofunguka kwa siku mbili, lakini hawezi kuvumilia simu isiyoweza kuita gari la wagonjwa.

Wanaodhani kwamba majaribio haya ni kisingizio tu wakumbuke tarehe 24 Septemba 2014, pale Apple ilipotoa iOS 8.0.1. Simu za iPhone 6 na iPhone 6 Plus zilizolipokea sasisho hilo zilipoteza mtandao kabisa, na kitambuzi cha alama za vidole kikaacha kufanya kazi. Apple ililiondoa baada ya saa moja na kidogo, na iOS 8.0.2 ikatoka siku iliyofuata. Hitilafu ya aina hiyo inapotokea, mteja huenda kwanza kulalamika kwenye kampuni ya mtandao, awe amekosewa nayo au la.

Hata hivyo sitakuficha jambo moja. Majaribio yenyewe hayakuwa yakichukua miezi mitatu. Muda mwingi ulipotea katika foleni. Timu ilikuwa ndogo, na simu mpya zilizokuwa karibu kuingia dukani zilitangulizwa, kwa sababu tarehe ya kuanza kuziuza ilikuwa imeshatangazwa. Sasisho la simu iliyokwisha kuuzwa halikuwa na tarehe iliyotangazwa kwa yeyote, kwa hiyo lilisogezwa nyuma kila wiki bila mtu kuulizwa. Tena kosa dogo likionekana, toleo zima lilirudishwa kwa mtengenezaji, na liliporudi lilianza upya mwishoni mwa foleni.

Mchangiaji wa pili

Ninamshukuru mchangiaji aliyetangulia kwa kusema ukweli, hasa katika aya yake ya mwisho, lakini mfano wake wa iPhone unathibitisha kinyume cha alichokusudia. Kosa lile lilitokea, likaonekana, likaondolewa na kusahihishwa katika muda wa siku moja hivi, kwa kuwa aliyelitengeneza sasisho ndiye aliyelisambaza. Tangu iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, Apple imeshikilia masasisho mkononi mwake. Mipangilio ya kila kampuni ya mtandao huwekwa katika faili dogo la peke yake, ambalo linaweza kusasishwa bila kuugusa mfumo endeshi. Kwa hiyo mahitaji ya kampuni za mtandao yanaweza kutenganishwa na mfumo wenyewe. Kuyachanganya hadi kiraka cha usalama kisiweze kupita bila idhini ya kampuni ni uamuzi wa kibiashara, si sheria ya maumbile.

Nikija kwenye swali la pili, ndugu yangu, wasiwasi wako hauzidi kiasi. Mwezi Julai mwaka 2015 ulitangazwa udhaifu uliopewa jina la Stagefright, ambao uliwezesha simu ya Android kushambuliwa kwa kutumiwa tu ujumbe wenye video iliyotengenezwa kwa nia mbaya. Mwezi uliofuata Google ilianza kutoa taarifa za usalama kila mwezi. Watengenezaji wa simu hujulishwa kasoro zilizomo angalau mwezi mmoja kabla ya taarifa kuchapishwa hadharani. Lengo la utaratibu huo ni kwamba siku ya kuchapishwa ikifika, dawa iwe tayari.

Sasa fikiria maana ya kuchelewa baada ya siku hiyo. Kabla taarifa haijachapishwa, udhaifu unajulikana na wachache. Ikishachapishwa, msimbo uliorekebishwa huwekwa wazi, na mdukuzi mwenye ujuzi anaweza kuulinganisha na ule wa zamani mpaka auone mlango ulipokuwa. Kiraka kinachomlinda mwenzako kazini ndicho kinachomwonyesha mdukuzi pa kuingilia kwenye simu yako. Ndiyo maana ninakataa kabisa hoja kwamba kusubiri ni tahadhari. Kusubiri toleo jipya lenye mapambo na vitufe vipya hakumdhuru mtu. Kusubiri kiraka ambacho kasoro yake imeshatangazwa kwa ulimwengu mzima ni jambo jingine, na mambo haya mawili hayapaswi kukaa katika foleni moja.

Wala malalamiko haya si ya leo. Mwezi Mei mwaka 2011 Google, watengenezaji kadhaa na kampuni kubwa za mtandao walitangaza kwamba simu mpya za Android zingepata masasisho kwa miezi 18, iwapo vipuri vyake vingeyamudu, na ahadi ile ilififia bila kutekelezwa ipasavyo. Mwezi Aprili mwaka 2013 ACLU, shirika la Marekani la kutetea haki za raia, liliwasilisha malalamiko kwenye tume ya biashara ya nchi hiyo dhidi ya kampuni nne kubwa za mtandao, likisema kwamba ziliwauzia wateja simu zenye udhaifu unaofahamika bila kuwaletea viraka kwa wakati.

Mchangiaji wa kwanza

Ninaikubali sehemu kubwa ya hoja yako, ndugu. Nitaongeza tu kwamba viraka havifanani. Vingine hugusa programu ya modemu, ambayo ndiyo inayozungumza na mnara, na hivyo singependa vitoke bila kujaribiwa kwenye mtandao halisi. Vingine, kama vile vya kusoma picha au video, havina uhusiano wowote na mnara. Tulipokuwa kazini vyote vililetwa katika furushi moja, nasi tulilijaribu furushi zima kana kwamba kila kitu kimebadilika.

Mchangiaji wa tatu

Nitajikita katika swali la tatu, kwa sababu mwenye simu anahitaji la kufanya leo.

Fungua Mipangilio, kisha sehemu ya maelezo ya simu, usome mambo matatu ambayo watu wengi huyachukulia kuwa kitu kimoja: toleo la Android, tarehe ya sasisho la usalama, na tarehe ya sasisho la mfumo wa Google Play. Hilo la tatu ndilo lenye nafuu kwako. Kuanzia Android 10, iliyotoka mwaka 2019, baadhi ya sehemu za mfumo, zikiwemo zile za kusoma video na sauti ambako Stagefright ilikuwa imejificha, zinaweza kusasishwa na Google moja kwa moja bila kupitia kwa mtengenezaji wala kwa kampuni ya mtandao. Sasisho hilo hupakuliwa kimyakimya na huanza kufanya kazi baada ya simu kuzimwa na kuwashwa tena. Nimekutana na watu ambao hawajaizima simu kwa miezi, na sasisho limo ndani linawasubiri. Halitibu kila kitu, kwani kiini cha mfumo na viendeshi vya chipu, yaani programu ndogo zinazouwezesha mfumo kuiendesha chipu, bado hutegemea njia ndefu iliyoelezwa hapo juu, lakini hupunguza sehemu ya hatari. Kivinjari na programu za ujumbe nazo zisasishwe mara kwa mara, maana mashambulizi mengi hupitia huko.

Wengine watakuambia ubadilishe laini. Kuna simu ambazo hutambua laini iliyowekwa na kubadilisha mipangilio ya kampuni, wakati mwingine kwa kufuta data zote, kwa hiyo hifadhi kwanza nakala ya kila kitu. Kuna nyingine ambazo programu yake ni ya kampuni fulani hata ukiweka laini ya mtandao gani, na hapo utahangaika bure.

Kuhusu kuflashi simu, yaani kuiwekea mwenyewe toleo la mtengenezaji badala ya lile la kampuni ya mtandao, ninakusihi usifanye kwa simu unayoitegemea. Ukichagua faili lisilolingana sawasawa na simu yako, simu inaweza kukataa kuwaka, au ikawaka na kupoteza VoLTE, na ukaja kuligundua hilo siku unapohitaji kupiga simu ya dharura. Kwa simu za Samsung ukiweka programu isiyo rasmi, alama ya Knox, mfumo wa usalama wa Samsung, hubadilika daima na haiwezi kurudishwa, na baadhi ya huduma za usalama hufungwa moja kwa moja. Kwa simu iliyo chini ya mkataba, hiyo ni kumpa muuzaji sababu ya kuikana waranti.

Wapo pia watakaokuambia kwamba Google ilishalitatua tatizo hili mwaka 2017 kwa mradi wa Treble, uliokuja na Android 8. Mradi ule ulitenganisha sehemu ya mtengenezaji wa chipu na sehemu nyingine za mfumo, ukapunguza kazi ya hatua za mwanzo. Hatua ya kampuni ya mtandao haukuigusa.

Suala la tarehe unalolilalamikia limeanza kuingia katika sheria. Umoja wa Ulaya una kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni 2025, zinazotaka masasisho ya usalama yamfikie mtumiaji ndani ya miezi 4 tangu yatolewe na mwenye mfumo endeshi, na yale ya kuongeza uwezo ndani ya miezi 6. Miezi 4 ni mirefu mno kwa maoni yangu, lakini ni kikomo kinachoweza kuandikwa katika barua ya malalamiko, na palipokuwa hapana kitu sasa pana kitu.

Muuliza swali

Ninawashukuru sana nyote. Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Sasisho la mfumo wa Google Play lilikuwa limeshapakuliwa likisubiri simu izimwe na kuwashwa, na tarehe yake sasa ni ya karibuni. Tarehe ya sasisho la usalama haijabadilika, bado iko nyuma kwa miezi mitatu. Sitaiflashi simu.

Maelezo ya foleni yamenifungua macho kuliko yote, kwa kuwa sasa ninajua swali la kuuliza. Nimeiandikia kampuni ya mtandao barua, safari hii sikuuliza sasisho litatoka lini. Nimeuliza kama toleo la simu yangu limeshapokelewa kutoka kwa mtengenezaji, lilipokelewa tarehe ngapi, na limekwama katika hatua gani, kisha nikaambatanisha picha ya simu yangu na ya mwenzangu zikionyesha tarehe zake. Nakala nimempelekea mtengenezaji ili wasinitupiane tena. Jibu likija nitaliweka hapa kama lilivyo.

Ningependa mchangiaji wa kwanza anisaidie jambo moja zaidi: je, barua kama hiyo humfikia mtu wa kitengo cha majaribio, au huishia kwa wahudumu wa wateja?

Mchangiaji wa kwanza

Kwa kawaida huishia kwa wahudumu wa wateja. Andika katika kichwa cha barua namba kamili ya toleo la programu iliyomo kwenye simu yako, pamoja na namba ya toleo la mwenzako. Mhudumu asiyezielewa namba hizo hulazimika kuipeleka barua kwa fundi, na fundi akiziona atajua mara moja ni furushi lipi linalozungumziwa.