Vitabu vya bure: mtoto aende navyo nyumbani au vibaki shule?

TichaMakorora: Habari zenu wapendwa. Mie nafundisha darasa la pili hapa Tanga mjini, tumepata vitabu vya hadithi vya bure, vya Kiswahili, vinatosha kila mtoto kimoja. Nataka wapewe waende navyo kwao kabisa wakasome na wazazi, ila wenzangu wanasema vitachanwa, halafu wazazi wengi huku asubuhi wako sokoni usiku ndo wanarudi na wengine kusoma hawajui, bora vifungiwe kabatini. Mnaonaje? Aliyewahi kufanya anipe mbinu jamani.

mzee_wa_Ngamiani: Gawa mwalimu. Shule niliyosoma mie vilifungiwa, ufunguo anao mkuu, siku kabati linafunguliwa mchwa kashamaliza. Iliniuma mpaka leo.

MamaTwalha: Hilo la mzazi kutojua kusoma lisikutishe. Mama yangu hajui hata herufi moja, lakini jioni akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi mwanangu anavuta kigoda anamsomea, akifika kwenye ng' anakwama, bibi anasimamisha mkono, "hebu rudi hapo, huyo fisi kaingiaje kisimani?" basi mtoto anarudia mpaka inakaa sawa. Kitabu kina madoa ya tui, kurasa mbili zina selotepu, na wote wawili wanakijua kwa kichwa. Sasa hicho kingekuwa kabatini bibi angekisikia wapi?

Kiboko_Tga: Naunga mkono. Dolly Parton yule mwanamuziki wa Marekani alianza hivyo 1995 kijimboni kwao Tennessee, mtoto anatumiwa kitabu kila mwezi mpaka afike miaka 5, kinakuwa chake moja kwa moja. Na kilichomsukuma ni baba yake, alikuwa hajui kusoma. Ushauri wangu usigawe kimyakimya, ita kikao cha wazazi, mtoto mmoja asome mbele yao, waambie kazi yao ni kusikiliza na kuuliza, dakika 10 zinatosha. Wakimaliza wabadilishane na wenzao, na maktaba ya mkoa ipo pale mjini, wawapeleke watoto.

TichaMakorora: MamaTwalha umenitoa machozi. Ijumaa nagawa, naandika jina la kila mtoto ndani ya jalada kwa mkono wangu. Kuna mmoja analelewa na babu yake mvuvi, huyo nitaanza naye.