OCS (mkuu wa kituo cha polisi) akisema hamna kibali cha maandamano, hapo sheria inasemaje?

kijana_wa_bamburi: Wadau salama? Naomba mnielimishe. Tulitaka kutembea kwa amani mpaka ofisi za kaunti kwa ajili ya maji, mwezi wa pili sasa mifereji imekauka. Tukapeleka barua kituoni, afande akaisoma nusu akaisukuma pembeni, "kibali hamna, rudini nyumbani". Sasa si Katiba kifungu cha 37 kinaturuhusu mradi tuwe na amani na bila silaha? Hicho kibali kimetoka wapi?

Shangazi wa Sheria: Mwanangu kibali hakipo. Public Order Act inataka umjulishe OCS, sio umuombe. Unapeleka notisi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, unaandika jina na anwani ya mwandalizi, njia mtakayopita na saa, iwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Anaweza kuwakatalia tu kama kuna wenzenu washajulisha siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, pahali hapo hapo. Rudini na nakala mbili, moja abaki nayo, yenu igongwe stampu. Akikataa kugonga, andikeni nyuma ya nakala yenu tarehe, saa na namba ya kazi ya huyo afande.

mtu_wa_Githurai: Shangazi hiyo ni ya kwenye makaratasi. Julai 2024 polisi walipiga marufuku maandamano tao Nairobi, korti ikasimamisha kesho yake, sawa. Maandamano ya Saba Saba (7 Julai) 2025 hata hawakusumbuka na marufuku, waliamka wakafunga barabara za kuingia tao na seng'enge, mtu wa kazi, mgonjwa, wote nje, na KNCHR, ile tume ya haki za binadamu, kesho yake walikuwa washahesabu watu 31 wamekufa siku hiyo moja. Na yule muuza maski wa tarehe 17 Juni mwaka huo alikuwa anaandamana kweli? Alipigwa risasi ya kichwa kamera zikiona, maski mkononi. Stampu ingemsaidia nini

Mama Duka: Poleni lakini na sisi wenye biashara tusemeje, kila mkitembea mimi nashusha shata, na nikichelewa naibiwa. Nani analipa?

mtu_wa_Githurai: Mama pole, lakini siku hiyo hiyo ya maski kulikuwa na vijana wa bodaboda na rungu na mijeledi wanachapa waandamanaji na polisi wako hapo wanaangalia. Hao ndio waulize nani aliwalipa

Shangazi wa Sheria: @mtu_wa_Githurai stampu haizuii risasi, sijasema hivyo. Inasaidia kortini wakija kusema mkutano ulikuwa haramu. Na kijana, msiweke Ijumaa. Kifungu cha 49 kinasema ufikishwe kortini ndani ya saa 24, ila zikiisha wikendi unangoja siku ya korti inayofuata, kwa hivyo ukikamatwa Ijumaa jioni unalala ndani mpaka Jumatatu, na wanajua. Mtu akiumizwa atibiwe kwanza na aweke karatasi za hospitali, apate namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo), daktari ajaze P3 (fomu ya polisi ya majeraha), halafu aende IPOA, wale wanaochunguza makosa ya polisi. Kituo kikikataa kuandika OB nendeni IPOA moja kwa moja.

kijana_wa_bamburi: Asante sana shangazi. Basi tunapeleka upya, tunalenga Jumanne. Kuna mtu wa Mombasa anajua wakili anayeweza kutusindikiza kituoni bila kututoza?