Mkandarasi katung'olea HART akatuwekea Modbus kwa jina la "kisasa", sasa shoti moja inazima laini nzima

Wakuu wa vipimo na otomesheni, nina hasira na sifichi.

Kiwanda chetu kiko upande wa Jinja. Sensa za joto, presha na kina cha tangi zilikuwa 4-20 mA (kipimo kinatumwa kama mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20) zenye HART (taarifa za ziada za kidijitali zinazopita juu ya mkondo huohuo), kila moja na waya zake mbili hadi kwenye paneli. Akaja mkandarasi kutoka Kampala na projekta yake, akamwambia bosi hizo ni za kizamani, tuhamie mfumo wa kisasa. Huo wa kisasa ni Modbus RTU (lugha ya kidijitali ambayo vifaa vinaulizwa kimoja kimoja kwa zamu) juu ya RS-485 (kebo moja inayotumiwa na vifaa vyote). Modbus imetoka mwaka 1979! HART ni ya miaka ya 1980. Na hakuna fundi hata mmoja aliyeulizwa.

Hoja yake kubwa ilikuwa kasi: HART biti 1200 kwa sekunde, Modbus yake 9600. Sasa niambieni, tangi la maji linalopanda joto polepole linataka kasi ya nini? Tena hizo 1200 ni za taarifa za ziada tu. Kipimo chenyewe kiko kwenye mkondo muda wote, hakingoji zamu ya kuulizwa na PLC (kompyuta inayoendesha mitambo).

Kinachoniuma zaidi ni kazi za usiku. Zamani opereta akilalamika, nafungua paneli, naweka mita. 12 mA, tangi liko nusu. 3.6, sensa yenyewe inasema ni mbovu. Sifuri, waya umekatika. Kazi imeisha. Leo zote zimepangwa kwenye kebo moja. Ya kwanza kupiga shoti inazizimisha zote, na mita haikwambii ni ipi. Unachomoa moja baada ya nyingine, mvua inakunyeshea. Na radi za huku ziwani mnazijua. RS-485 inavumilia tofauti ya volti kati ya -7 na +12 tu, lakini bwana huyu hakuweka kizuia radi, na mwisho wa laini hata rezista ya omu 120, ya kuzuia ishara isirudi nyuma, haipo!

Halafu sensa mpya ya joto ikawa inasoma mara sifuri, mara namba ndefu isiyoeleweka. Namba ya desimali inakaa kwenye rejista mbili (visanduku vya kumbukumbu), na Modbus haijaamua ipi itangulie, kila mtengenezaji ana lake. Mkandarasi anataka alipwe upya ndipo aje kuzigeuza. Upya!

Modbus si mbaya. Kwa mita za umeme na invata zilizo chumba kimoja naipenda sana. Lakini kwa matangi ya nje, HART ingetupa uchunguzi wote tuliotaka kupitia waya zilezile: modemu, rezista ya omu 250, basi.

Waya za zamani bado zimo kwenye trei. Nataka za tangi na boila zirudishwe, kwa gharama yake. Mlioko Namanve, Mukono au Tororo mliowahi kumlazimisha mkandarasi kurudisha mfumo, mliandika nini kwenye barua? Jumatatu naipeleka kwa bosi.