Rangi ya gari la kale: kwa nini ing'ae kuliko ilivyotoka kiwandani?

Wadau, nasema wazi msimamo wangu ili mnipinge vizuri: gari la kale likipulizwa rangi likang'aa kuliko siku lilipotoka kiwandani, hapo limegeuzwa, halijarejeshwa. Majaji wa maonyesho walikate alama.

Agosti 2024, kwenye maonyesho ya magari ya kale ya Pebble Beach, California, tuzo kuu ilikwenda kwa Bugatti Type 59 ya 1934, gari lililowahi kumilikiwa na Mfalme Leopold III wa Ubelgiji. Ni jeusi, lina mstari wa njano, na rangi yake imechakaa waziwazi. Maonyesho hayo yalianza 1950, na hiyo ndiyo mara ya kwanza gari lililohifadhiwa lilivyo kushinda yote. Miaka mingi kabla ya hapo ushindi ulikuwa wa magari unayoweza kujitazama ubavuni ukachana nywele.

Tazameni Corvette, gari la michezo la Marekani. Zile za kiwanda cha St. Louis zilipulizwa laka. Uzalishaji ulipohamia Bowling Green, Kentucky, mwaka 1981, ndipo ukaja mtindo wa rangi ya msingi na kliya, yaani tabaka angavu lisilo na rangi, juu yake. Kwa hiyo Corvette ya 1965 yenye kliya nene kama kioo imevalishwa nguo ya kizazi kingine. Majaji wa NCRS, chama cha warejeshaji wa Corvette, hulijua hilo: wanauliza gari linafanana vipi na lilivyotoka kiwandani, pamoja na kasoro zake za kawaida.

Uchungu wangu una chanzo. Peugeot 404 ya marehemu baba niliipeleka gereji nikitaka irudi kama alivyoinunua. Wakapiga msasa mpaka bati likabaki tupu, hadi chini ya dashibodi na ndani ya buti, mahali ambapo jua halikuwahi kufika na rangi ya kwanza ilikuwa bado ipo. Niliporudi gari lilikuwa linameremeta, kila mpita njia akalisifu. Lakini rangi ile aliyoichagua baba sina tena pa kuionea. Hata kipande cha ukubwa wa ukucha hakikubaki.

Najua jibu la mafundi: NC (laka ya kizamani) hufifia upesi kwa jua letu, 2K (rangi inayochanganywa na hadena, yaani kigumishi) inadumu. Kwa gari la kwenda nalo kazini kila siku, nakubali kabisa. Tena kwa chumvi ya Mombasa, bati lisipokingwa linaliwa. Hoja yangu ni gari linaloletwa mbele ya majaji kama ushahidi wa wakati wake. (Na tukidai 2K, tununue na vifaa vya kupumulia. Hadena yake ina kemikali ya aisosayaneti, inayoweza kumletea fundi pumu ya kudumu, nasi tunawaona wakipuliza wamejifunga kitambaa tu puani.)

Wengine watasema mwenye gari ndiye mwenye fedha, apake apendavyo. Apake. Ila asiandike kwenye kibao kwamba limerejeshwa katika hali yake ya asili.

Basi niambieni, hasa ninyi mnaopeleka magari kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale Ngong Racecourse, Nairobi: ungekuwa jaji, 404 yangu inayometameta na nyingine iliyopauka lakini yenye rangi yake ya kwanza, ungempa nani alama? Na wewe fundi, mteja akikuomba uache sehemu moja iliyofichika bila kuigusa, utakubali?