Kuunda sauti ya marehemu mama kutoka jumbe za WhatsApp

Mkaazi wa Kisauni: Assalaam aleikum. Mdogo wangu ataka kuunda sauti ya marehemu mama kwa akili mnemba, awe akizungumza naye. Jumbe za sauti zimo simuni. Yafaa?

Fundi Sauti, Majengo: Waaleikumu salaam, poleni sana. Kwanza nakilini folda ya "WhatsApp Voice Notes" pahali pawili, simu isije ikaharibika. Mafaili ya jumbe hizo (.opus) yamebanwa, kuyageuza kuwa WAV, aina isiyobanwa, hakurudishi sauti iliyokatwa. Teueni vipande visivyo na feni wala mtu wa pili, la sivyo mashine itaiga na mvumo. Taabu kubwa ni Kimvita, Kiswahili chetu cha Mombasa. Programu nyingi zimefunzwa Kiingereza zaidi, na mama aliyesema "ndoo, mwanangu" (yaani njoo) atatoka kama msoma habari. Hapo ndipo mwili husisimka: sauti yake, matamshi siyo.

Bi Mshauri, Likoni: Na maneno yenyewe hutungwa na mashine. Akiuliza "mama, umenisamehe?" itamjibu, na jibu litamkaa moyoni. Mwanangu, mwacheni asikilize jumbe halisi akitaka, hata kila usiku. Ya kumjibu msiunde, msiba ungali mbichi. Na lolote lisipakiwe kwenye programu kabla ndugu wote hawajaridhia.