Makaratasi ya bibi wa mume wangu ya 1916 mpaka 1923, nayatunzaje?

MamaZuri_Cork
Wakuu habari zenu. Nimeolewa huku Cork, Ayalandi. Mama mkwe anahama nyumba, juzi tunashusha vitu vya darini tukakuta kopo la biskuti limejaa makaratasi ya marehemu mama yake, alikuwa Cumann na mBan, jumuiya ya wanawake waliopigania uhuru wa huku. Kuna barua za kaka yake toka kambi ya Frongoch kule Wales, walikofungiwa watu kama 1,800 baada ya yale mapinduzi ya Pasaka 1916 dhidi ya Waingereza. Kaandika kwa penseli, karatasi nyepesi kama ganda la kitunguu, na muhuri wa waliokuwa wanakagua barua bado unasomeka. Sasa kuna mtu zamani alizibandika selotepu, imekuwa kahawia, ukigusa tu inachanika. Mume wangu anasema kila mtoto apewe barua moja aweke kwenye fremu, shemeji anataka zote zikalaminetiwe, na kuna kifurushi cha 1922 mama mkwe hataki hata kifunguliwe, kaka zake mama yake walipigana pande mbili tofauti kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwetu Tanga makaratasi ya babu yaliisha na mchwa mimi nikiwa mdogo, naomba hili lisinipite tena.

Mhifadhi_Dar
Dada usikubali laminesheni kabisa!! Ule moto unagandisha plastiki na karatasi vinakuwa kitu kimoja, hakuna wa kukutolea. Nimeshaona hati ya shamba imefanyiwa hivyo, wino umefifia humo humo ndani. Selotepu nayo usiibandue, hiyo kazi ya fundi wa karatasi. Pini zenye kutu ukiweza zitoe taratibu, ikigoma iache. Andika namba kwa penseli tu, nyuma, kwenye kona. Bahasha usitupe hata moja, tarehe mara nyingi iko kwenye muhuri wa posta. Na mpangilio ulioukuta ndani ya kopo piga picha kabla hujagusa kitu, maana bibi alizipanga akijua anafanya nini. Kugawana msigawane. Skanini, kila mtoto apate nakala nzuri ya fremu, zenyewe zikae pamoja kwenye mafaili yasiyo na asidi, chumba kikavu, siyo darini.

Kaka_Lubumbashi
Mama Zuri, hayo makaratasi usiyaone madogo. Roger Casement aliyeandika ripoti ya 1904 juu ya unyama wa kulazimisha watu wageme mpira wa miti kule kwetu Kongo alikuwa Muairishi, Waingereza wakamnyonga London tarehe 3 Agosti 1916. Karatasi zake nyingi ziko Maktaba ya Taifa, Dublin. Mababu zetu waliokatwa mikono hawakuacha barua, sisi tunawasoma kwenye karatasi za mtu wa mbali.

Msomaji_Dublin
Naongezea. Juni 1922 jengo la kumbukumbu za serikali pale Four Courts liliungua, karne na karne za nyaraka zikateketea, ndio maana kopo la nyumbani lina uzito huku. Bibi mtafuteni kwenye majalada ya pensheni za wapigania uhuru ya Military Archives, hifadhi ya nyaraka za jeshi, yako mtandaoni bure, sheria ya 1934 ndiyo iliyowapa wanawake wa Cumann na mBan haki ya kuomba. Hifadhi hiyo iko kambi ya jeshi ya Cathal Brugha, ndani ya kambi ile ile ambako Francis Sheehy Skeffington, mtu wa amani asiyeshika bunduki, alipigwa risasi 1916. Kifurushi cha mama mkwe msimlazimishe. Mnaweza kukikabidhi kwa watu wa nyaraka kwa masharti kisifunguliwe miaka kadhaa, hata ushahidi 1,773 wa wapiganaji uliokusanywa 1947 mpaka 1957 ulifungiwa hadi 2003.

MamaZuri_Cork
Asanteni sana jamani. Nimemsomea mama mkwe hilo la masharti, akanyamaza muda, akaenda kukichukua chumbani kwake akakiweka mezani na utepe wake. Kasema miaka thelathini. Jumatatu napiga simu kwa watu wa nyaraka wa hapa Cork.